Barua ya Korti Si ya Kufichwa Chini ya Godoro

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Katika mkutano wa tawi letu wa mwezi uliopita, ndugu mmoja alisimama akasema maneno ambayo wengi waliyapigia makofi. Alisema hivi: "Chama hiki ni cha mishahara na saa za kazi. Mtu akikopa pesa akashindwa kulipa, hilo ni shauri lake na mkewe. Chama kisijitie katika madeni ya watu." Mimi sikupiga makofi, wala sikumjibu, kwa kuwa kifua changu hakijapona sawasawa na sauti yangu haifiki mwisho wa ukumbi. Lakini mkono wangu haukohoi, basi leo namjibu kwa kalamu.

Simjibu kwa chuki. Ndugu huyo ni mtu wa kazi kama mimi, na ada yake ya chama hailali nyuma hata mwezi mmoja. Lakini katika jambo hili amekosa, na kosa lake likiwa ndiyo sheria ya tawi litawaumiza wengi. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimepita katika tope hilo, na matope yangali miguuni.

Mimi ni mtu wa genge la njia. Kazi yangu ni mataruma, kokoto na mtaimbo. Nina miaka 36, mke na watoto watatu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, kwa mapadre, ambako tulifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na kumwogopa Mungu. Kusoma najua. Hata hivyo barua ya korti ilinishinda kuisoma, si kwa sababu ya lugha, ila kwa sababu ya hofu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka juzi nilianza kukohoa. Nilificha kikohozi miezi miwili, nikimeza vidonge vya dukani, maana niliogopa nyapara akijua atanitoa kazini. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja nilitema damu mbele ya genge zima, na hapo hapakuwa na la kuficha tena. Hospitali wakasema ni kifua kikuu.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, na matibabu ya kawaida ni miezi 6. Hilo ni jambo jema na twalishukuru. Lakini nauli ya kwenda kliniki si bure, wala maziwa na mayai si bure, wala watoto hawaachi kula kwa sababu baba yao anakunywa dawa. Na mtu mwenye mapafu mabovu hawezi kuinua mtaimbo. Nilikaa bila kazi miezi minne.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini, akiwa na cheti cha daktari, apewe kila mwaka siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara. Hicho ndicho kipimo cha chini. Mapatano ya chama yaweza kuongeza, na mahali pengine yameongeza. Lakini mimi nilipata kipimo hicho cha chini. Piga hesabu mwenyewe: ugonjwa wa miezi minne, na malipo ya siku 14.

Nikakopa. Mkopeshaji mmoja wa mjini alinipa shilingi 40,000, nikatia sahihi karatasi bila kuisoma mpaka mwisho. Nililipa kidogo kidogo kwa simu, leo mia tano, wiki nyingine elfu, kadiri nilivyopata. Huku kodi ya nyumba ilirudi nyuma miezi mitatu. Jioni moja narudi kutoka kliniki, nakuta kufuli jipya mlangoni, na vyombo vyetu vimerundikwa nje. Mama watoto alikwenda kwao na watoto. Mimi nilipokewa na mwenzangu wa genge, nikalala sakafuni pake juu ya godoro la kuazima.

Hapo ndipo samansi ilipokuja. Ilipelekwa kwenye ile ploti ya zamani, nisikokaa tena. Jirani mwema alinitafuta siku nyingi mpaka akaniletea. Nikaiangalia, nikaona mhuri wa korti, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Nikajiambia: nikipona nitaishughulikia. Ndugu zangu, nilikuwa ni yule yule aliyeficha kikohozi.

Siku zilizoandikwa kwenye karatasi zikapita. Hukumu ikatolewa mimi sipo: shilingi 97,300. Nilijua habari hiyo siku dalali alipobisha mlango wa mwenzangu. Akaandika orodha: kitanda, redio, jiko la gesi, akatupa siku 7. Hakuna hata kitu kimoja katika orodha ile kilichokuwa changu. Yote ni mali ya mtu aliyenipa mahali pa kulala. Mwenzangu hakunitukana. Alikaa juu ya kitanda chake akatazama chini, na mimi naona afadhali angalinitukana.

Nasema kwa ndugu yule wa mkutanoni: je, deni hilo lilikuwa bado ni shauri langu na mke wangu? Kitanda kilichoandikwa ni cha mwanachama mwingine wa tawi hili, ambaye hakukopa hata senti. Na wale waliotia sahihi kuwadhamini wenzao katika vyama vya akiba na mikopo wajua zaidi. Mmoja akikimbia, deni halikimbii naye; hukaa katika hati za mishahara za wadhamini wake, watu wa genge moja, na kila mwisho wa mwezi wanakatwa kwa ajili ya mtu asiyeonekana. Deni la mmoja laweza kuingia katika nyumba tano. Kitu kinachoingia katika hati za mishahara za watu watano kinakosaje kuwa kazi ya chama?

Tena, deni langu lilitoka wapi? Halikutoka katika ulevi wala katika kununua viatu vya fahari. Lilitoka katika siku ambazo mshahara ulikatika na ugonjwa haukukatika. Siku za ugonjwa zenye malipo ni neno la mapatano ya kazi. Nyumba nayo ni neno la mapatano, maana sheria hiyo hiyo ya 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au pesa za kutosha kodi. Basi mtu asemaye chama ni cha mishahara tu, na huku afunga macho asione mshahara usiotosha unavyogeuka kuwa deni, ni kama mtu wa genge anayesema yeye ni wa reli tu, kokoto zikiondoka chini ya reli si kazi yake.

Wala si jambo jipya. Mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939 ulianza kwa wafanyakazi kudai pesa za nyumba. Wazee wetu wa reli waliishi katika landhi, na walijua kwamba kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Kumbukeni Muthurwa, Nairobi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya watu wa reli. Mwaka 2010 wapangaji wa pale walianza kutolewa kwa nguvu, na kati yao walikuwamo watu waliowahi kuifanyia reli kazi. Hawakukunja karatasi wakaziweka chini ya godoro. Watu 12 waliandika majina yao wakaenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Agosti 2013 korti ilisema kwamba haki yao ya kuwa na makao ilivunjwa. Walisikilizwa kwa sababu walifika.

Sasa nieleze jinsi nilivyotoka. Mzee mmoja, karani wa stesheni aliyestaafu, alisikia habari akaja. Aliitaka ile samansi, akaikunjua juu ya goti, akaisoma yote, hata maandishi madogo. Kisha akaniambia: "Kijana, hukuhukumiwa kwa sababu ya deni. Umehukumiwa kwa sababu ya kimya." Alieleza kwamba korti haijui kuwa u mgonjwa, wala haijui kuwa umefungiwa nyumba. Inajua karatasi mbili tu, ya mdai na ya mdaiwa. Ya pili isipofika, ya kwanza huaminiwa yote.

Tulikwenda pamoja kwa karani wa korti. Nikaomba hukumu ile itenguliwe, maana korti ina uwezo wa kutengua hukumu iliyotolewa mtu asipojitetea, akionyesha sababu ya kweli. Nilipeleka kadi ya kliniki yenye tarehe, na maelezo kwamba samansi ilipelekwa mahali nisipokaa. Sikudanganya kwamba sikuiona. Nilisema niliiona nikiwa nimechelewa na mgonjwa, nikaogopa. Hakimu alisoma, akatengua.

Baada ya hapo tukachapisha orodha ya malipo ya simu. Nilikuwa nimelipa 18,500. Mdai alikuwa amehesabu 7,500 tu. Shilingi 11,000 hazikuonekana popote. Tena palikuwa na gharama za 18,300 ambazo hazikuandikwa katika karatasi niliyotia sahihi. Mdai mwenyewe alipoona hesabu alikubali kupatana: 68,000, kwa shilingi 3,000 kila mwezi. Miezi 22 nitalipa hivyo, na wa 23 nitamaliza kwa 2,000. Orodha ya dalali ikafutwa, kitanda cha mwenzangu kikabaki.

Kutoka 97,300 mpaka 68,000 ni shilingi 29,300. Hiyo ndiyo bei niliyokuwa karibu kuilipa kwa kukaa kimya. Je, wako wangapi kati yetu wanaoilipa bei hiyo, na hawajui?

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi watu wasilipe. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, nami nalipa. Lakini dawa yoyote ina kipimo chake, na mgonjwa hapewi chupa nzima kwa mara moja. Mkopeshaji ana haki ya pesa zake; hana haki ya pesa ambazo amekwisha kulipwa, wala hana haki ya kitanda cha mtu mwingine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, shikeni maneno haya, na mwenye kusoma awasomee wengine:

1. Samansi ikija, isome siku hiyo hiyo. Siku za kujibu zimeandikwa juu yake. Zihesabu tangu siku uliyoipokea. Na jueni kwamba tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu samansi kuletwa hata kwa ujumbe wa simu. Kutupa laini ya simu hakukuponyi. Kunakuziba masikio tu.

2. Ukihama au ukifungiwa nyumba, mpe karani wa korti mahali papya pa kukupata na namba ya simu. Barua haina miguu ya kukutafuta.

3. Weka karatasi zote: kadi ya hospitali, orodha ya malipo, karatasi ya mkopo. Ukikubali sehemu ya deni, sema ni sehemu gani. Ukikataa sehemu, sema kwa nini.

4. Omba kulipa kwa vipande. Korti ina uwezo huo ikiona sababu ya kutosha. Usiahidi zaidi ya unavyoweza, maana ukivunja ahadi ya pili hakimu hatakusikiliza kama mara ya kwanza.

5. Dalali wa korti hachukui kila kitu. Sheria inaacha nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, na vifaa vya kazi yake. Mali ya mtu mwingine ikiandikwa, mwenyewe apeleke pingamizi kortini haraka.

6. Makato yote katika mshahara wako hayapaswi kupita theluthi mbili. Mtu arudi nyumbani na theluthi moja angalau.

7. Watu wanaogopa jela ya madeni. Hakuna anayepaswa kufungwa kwa umaskini pekee. Kwanza aitwe aeleze sababu, na korti iridhike, kwa mfano, kwamba anazo pesa na anakataa kulipa, au ameficha mali, au anataka kutoroka. Na mtu aliye mgonjwa sana, korti yaweza kufuta hati ya kumkamata. Lakini yote haya ni kwa anayefika kusema. Asiyefika hana wa kumsemea.

8. Mwenye nyumba anayedai kodi amepewa njia na sheria: dalali mwenye leseni, au korti, au baraza la kodi kwa zile nyumba chache za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Kufuli la usiku si mojawapo. Mimi sikujua, nikaondoka kimya. Wewe usiondoke kimya.

Sasa narudi kwa chama. Wengine watasema: "Mtu wa reli ni nani hata asimame kortini?" Nawajibu kwamba katika korti za chini Kiswahili ni lugha halali sawa na Kiingereza. Zaidi ya hayo, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, kisha ikaenea miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi yapasa kumalizika kwa siku 60. Haishiki kanuni ngumu za ushahidi kama korti kubwa. Na mtu asiyeweza kufika mwenyewe aweza kuwakilishwa na mtu aliyempa ruhusa, korti ikiridhika kwamba mtu huyo anaijua kesi na ana mamlaka ya kupatana kwa niaba yake.

Someni maneno hayo tena. Mgonjwa aliyelala wodini aweza kusemewa na mwenzake wa kazi. Mlango uko wazi, na sisi tunabishana mkutanoni kama kuingia ni kazi yetu au si kazi yetu!

Naomba tawi lifanye mambo matatu, na hakuna hata moja linalotaka pesa za kulipia mtu deni:

La kwanza, ofisi ya tawi iwe mahali pa kupokea barua za mwanachama aliyepoteza nyumba. Sanduku lipo, karani yupo, kitabu cha kuandikia kipo.

La pili, wachaguliwe wanachama wawili au watatu wanaojua kusoma vizuri, wafundishwe, wawe wakiwasindikiza wenzao kortini, na kuwasemea walio wagonjwa pale korti inaporuhusu. Yule mzee karani amekubali kuwafundisha bila malipo.

La tatu, wajumbe wetu watakapoketi na mwajiri kufanya mapatano mapya, siku za ugonjwa ziwe juu ya orodha. Siku 14 hazitoshi hata kwa mguu uliovunjika, sembuse kifua.

Ndugu yule akisimama tena kusema chama kisijitie katika madeni, namwomba ajibu swali moja: mwanachama akifungiwa nyumba, akaugua, akaitwa kortini, akaacha kazi na kukimbilia kwao, ada yake tutaipata wapi, na nani atashika mtaimbo upande wa pili? Chama kinachomngoja mtu apone, apate nyumba, amalize deni, ndipo kimtambue kuwa mwanachama, ni chama cha watu wasio na shida. Chama cha namna hiyo sikukiona bado.

Nanyi mnaoficha, neno la mwisho ni kwenu, maana nilikuwa mmoja wenu. Najua yuko mtu sasa hivi katika genge letu, au karakana, au stesheni, mwenye karatasi yenye mhuri aliyoikunja mara nne. Hakumwambia mkewe. Usiku haipati usingizi. Ndugu, aibu yako naijua uzito wake. Itoe hiyo karatasi. Njoo nayo ofisi ya tawi Jumamosi baada ya saa saba. Mimi na yule mzee tutakuwapo, chama kikubali kisikubali. Tutaisoma pamoja, na tutaijibu.

Wenu katika kazi,
Mtu wa Genge la Njia